Nyota ya Sebuleni na Nyonga ya Mama Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada, na ninauomba kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi saa nne asubuhi mama mkwe wangu, mwenye miaka sabini na minane, atajiangusha kwa makusudi katikati ya sebule yangu mbele ya wageni wanne, na ninayejua kwamba ataumia ni mimi, na sababu ya kuumia kwake pia ni mimi.

Nianze mwanzo. Mimi ni fundi wa vigae, huu ni mwaka wa ishirini na mbili niko kwenye kazi hii, na sijisifu nikisema mikono yangu inajulikana, ila ukitaka kuiona kazi yangu hasa usiende kwa wateja, njoo nyumbani kwangu, maana katikati ya sakafu ya sebule kuna nyota ya pembe nane niliyoitengeneza kwa vipande vidogo vya vigae vya rangi tatu, nimevikata kimoja kimoja kwa mkono, miezi mitatu kila nikitoka kazini napiga magoti hapo, mpaka mke wangu akaanza kuiita nyota ile mke mwenza, na akikasirika huniambia nikalale nayo. Nyota hiyo imeniletea wateja wengi. Anakuja mtu anataka bafu la kawaida tu, anaiona, anaondoka ameshaagiza na sebule yake.

Mwaka jana mama mkwe alihamia kwetu. Ni mwalimu mstaafu wa sayansi, mwanamke wa maneno machache na macho makali, tunaheshimiana, hajawahi kunivunjia adabu wala mimi sijawahi kumvunjia. Miezi minne iliyopita alitoka bafuni asubuhi na nyayo mbichi, akateleza kwenye korido, kwenye vigae vyangu nilivyovisugua mwenyewe mpaka mtu anajiona uso, akaangukia ubavu. Tulikuwa na bahati, mfupa haukuvunjika, ila paja zima liligeuka rangi ya bilinganya. Daktari alitukalisha akatuambia mifupa ya mama imekuwa myepesi, kwamba akianguka hivyo tena itakuwa nyonga, na kwamba wengi wa umri wake wakivunjika nyonga hawarudi kutembea kama zamani, na wengine hawainuki tena kabisa. Mke wangu ni muuguzi wa wodi ya mifupa, hayo hakuhitaji kuambiwa. Alilia njia nzima, na kabla hatujafika nyumbani alikuwa ameshaamua: nyumba yote itandikwe sakafu laini, ile wanayotandika siku hizi kwenye baadhi ya wodi za wazee, chini mpira mzito wa unene wa vidole viwili, juu yake kapeti la plastiki, ili mtu akianguka kishindo kimezwe na sakafu badala ya mfupa.

Mshauri, nilikubali kwa moyo mweupe. Chumba cha mama nilikitandika kwanza, na kile hata leo naweza kuapa mbele yako, ni kazi safi, pima maji haikuyumba hata kidogo. Halafu nikafika sebuleni. Mpira ule lazima ubandikwe kwa gundi, usipobandikwa unafanya mawimbi na mzee anajikwaa, na gundi yake ikishashika kigae haitoki ila kwa patasi, na patasi ikishaingia kigae hakitoki kizima. Mke wangu yuko kazini, mama yuko kliniki, nyumba kimya, mimi nimesimama juu ya nyota yangu na ndoo ya gundi, nikasimama weee, mkono ukakataa. Nikaifunika ndoo. Nikatandika kapeti la plastiki peke yake, bila mpira chini, sebule yote na korido yote, kingo nikazishika kwa selotepu nene, rangi ileile ya chumbani, ukitazama huoni tofauti. Mke wangu aliporudi alivua viatu akatembea, akauliza mbona hapa pagumu kuliko chumbani kwa mama, nikamjibu bila kupepesa macho kwamba mpira wa sebuleni hukandamizwa zaidi kwa sababu ya uzito wa makochi. Akaniamini, maana fundi ni mimi.

Na nikishaanza kukiri nikiri yote. Mara moja kwa wiki, mke wangu akiwa zamu ya mchana na mama amejilaza, nawaingiza wateja kimyakimya, nafunua kapeti, nawaonyesha nyota, nafunika tena. Najua inavyosikika.

Nilijipa moyo kwamba mama ataendelea kutembea na mkongojo wake, ameshika ukuta kama alivyozoea, hataanguka, na mambo yatapita. Lakini tangu aambiwe nyumba nzima ni laini mama amekuwa mtu mwingine. Mkongojo ameutia kabatini. Ukuta haushiki tena, anapita katikati ya korido na kikombe cha chai mkono huu na sahani mkono huu, na mke wangu anafurahi mpaka anawasimulia wenzake wodini jinsi mama alivyofufuka, huku mimi nikimwona mama anakata kona ya jikoni kwa kasi ile natokwa na jasho, nachelewa kazini, namfuata hatua mbili nyuma nikijifanya natafuta funguo.

Kisha likaja jambo la mayai. Mwalimu hastaafu kufundisha. Alichukua yai akaliachia chumbani kwake kutoka usawa wa kifua, likadunda, halikuvunjika, akafurahi sana, na wiki iliyofuata jirani yetu mshonaji alipomletea gauni lake, mama akamwambia keti nikuonyeshe kitu, akaniomba nilete yai hapo sebuleni. Nilikwenda jikoni nikaona yai bichi halifai kutoka mle. Nikachemsha. Nilichemsha sita kwa sababu sikujua atataka mangapi, dakika kumi nzima nafungua na kufunga makabati ili wasikie kwamba bado natafuta, nikayapoza kwa maji, nikampelekea moja. Akaliachia. Likalia ko, ganda likapasuka, hakikumwagika kitu. Mshonaji akapiga makofi. Mama aliliokota, akaligeuzageuza mkononi, akanitazama, akalitia kwenye mfuko wa sweta, akasema somo limekwisha.

Jumapili iliyopita tukiwa mezani akatangaza kwamba amewaalika walimu wanne wastaafu wenzake, watu wanaoogopa kuanguka kiasi kwamba wengine siku hizi hawatoki hata vyumbani, na kwa kuwa maneno hayamtoi mtu woga, atawaonyesha kwa vitendo. Nikamwambia basi nitaandaa yai.

"Yai la nini," akasema. "Nitajiangusha mwenyewe. Kwa ubavu, kama siku ile."

Mke wangu alicheka, alidhani ni mzaha, akamwambia mama aache vituko na akaendelea kula. Mimi ninayemjua mama nilijua si mzaha. Nikashauri kwa upole kwamba pengine chumbani kungefaa zaidi, akanijibu kwamba wageni wake hawezi kwenda kuwapanga juu ya kitanda. Nimefikiria kusema bomba limepasuka. Nimefikiria kusukumiza magodoro chini ya kapeti, lakini sebule ingeonekana ina mimba. Nimefikiria kumpeleka mama kwa shemeji akakae wiki mbili, shemeji hataki. Nisaidie mshauri, nifanye nini ili mama asijiangushe, mke wangu asijue nilichofanya, na nyota yangu isiguswe na gundi? Namba yangu ya simu nimeiandika hapa chini, tafadhali usiichapishe gazetini.

Ni mimi, Fundi Niliyekwama.

JIBU

Fundi Uliyekwama,

Barua yako niliipata Jumanne. Nilicheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini, na nilipofika kwenye mayai sita nikalazimika kuweka kikombe chini. Nilipofika kwa wale walimu wanne nikaacha kucheka. Ukurasa huu hutoka Alhamisi, na sikuona sababu ya kungoja Alhamisi wakati kuna mzee anataka kujibwaga kwenye vigae, kwa hiyo nikaipiga namba uliyoniandikia. Hukupokea wewe. Ulikuwa umekwenda kutengeneza bafu la watu, simu umeiacha sebuleni inachajiwa, na aliyepokea ni mama mkwe wako.

Sikuitoboa siri yako. Nilimwamkia, nikajitaja kwa jina ninalotumia hapa, nikasema nitapiga baadaye. Akaniambia nisubiri kwanza, akaniuliza kama mkwe wake ameniandikia habari ya sakafu. Nikamuuliza sakafu gani, na swali langu likamtosha.

Sasa kaa vizuri. Mama mkwe wako anajua. Alijua siku ya pili tu, hata yai halijafikiriwa. Mpira wa unene wa vidole viwili unainua sakafu, au siyo, fundi? Na sakafu ikiinuka mlango unakwama, ndiyo maana mlango wa chumba chake uliung'oa ukaupiga randa kwa chini. Mlango wa sebule hukuugusa, na unafunguka bila taabu yoyote. Tena pale anapotoka chumbani ulimwekea kiteremko kizuri cha ubao ili asijikwae. Mama wa watu akasimama hapo, akajiuliza kama nyumba nzima ni unene mmoja, yeye anateremka kwenda wapi. Umewafunga macho mke wako na jirani, ukashitakiwa na mlango ulioutengeneza mwenyewe. Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi ningeona aibu kwa hilo peke yake.

Kwa hiyo mkongojo aliutia kabatini akijua. Zile chai na sahani alizipitisha katikati ya korido akijua, na kila alipokusikia nyuma yake unatafuta funguo alikuwa anakungojea useme. Aliniuliza ni funguo gani hizo zinazopotea kila asubuhi. Yai alikwenda kulila chumbani kwa chumvi, na ameniagiza nikwambie kwamba ulilichemsha kupita kiasi. Hajamwambia binti yake neno. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hakuja kwenu kuvunja nyumba ya mwanawe, alikuja kuzeeka.

Nimemkaripia na yeye, usidhani umeonewa. Nilimwambia kwamba mtu mzima mwenye mifupa myepesi hatembei bila mkongojo juu ya vigae ili kumtega mkwe, na kwamba kwenye nyumba hiyo naona wakaidi wawili wanachezea nyonga moja. Alicheka kidogo. Wewe usicheke, zamu yako inakuja.

Sikulaumu kwa kuipenda nyota yako. Miezi mitatu kwa magoti, nani asingeipenda? Ungemwambia mke wako siku ileile, ndoo ikiwa mkononi, kwamba mkono umekataa, angekununia, angekupeleka ukalale kwa huyo mke mwenza, halafu mngekaa mkatafuta la kufanya. Badala yake ulimwendea mzee aliyekuwa anaogopa kutembea, ukamwambia hana tena cha kuogopa, nawe unajua si kweli. Hilo ndilo lililonikera, fundi, na limenikera sana. Vigae vilivyomwangusha mara ya kwanza angalau vilikuwa wazi, vinang'aa, kila mtu anaviona, na yeye alikuwa anashika ukuta. Wewe umechukua vigae vilevile ukavifunika, ukamwachisha ukuta. Umesalimika kwa sababu uliyemdanganya hadanganyiki. Wale wageni wanne je? Hao hawajui kusoma milango. Mmoja wao akifika Jumamosi akiambiwa hapa ni laini, akauegesha mkongojo wake karibu na kochi, huyo utamfuata nyuma na funguo zipi?

Nilimuuliza pia daktari wa wazee anayeusaidia ukurasa huu. Anasema sakafu ya namna hiyo inapunguza kishindo, na hilo ni jambo kubwa, lakini haimzuii mtu kuanguka wala hakuna anayeweza kuapa kwamba mfupa hautavunjika, na wapo wazee wanaoyumba wakiikanyaga mpaka waizoee. Kwa hiyo hata chumbani kwake, juu ya ile kazi yako safi isiyoyumbisha pima maji, hakuna mtu wa kujiangusha kwa maonyesho. Mkongojo utoke kabatini leo. Na wewe mwenye mashine ya kutoboa kuta za watu mchana kutwa, sijasoma popote kwenye barua yako kwamba umetoboa ukuta wako ukamfungia mama chuma cha kushika kutoka kitandani mpaka bafuni. Kifunge.

Umeniomba mambo matatu. Mama asijiangushe, hilo nakuunga mkono. Mke wako asijue na nyota isiguswe, hayo mawili yafute kichwani. Kabla hujagusa chombo chochote, nenda ukakae mbele ya mama umwambie kwamba sebuleni na kwenye korido hakuna mpira, ulimdanganya. Ni sentensi moja, usiirefushe. Habari ya gundi usimweleze, gundi anaijua. Akinyamaza, nyamaza naye. Mke wako akirudi kazini mwambie na yeye kabla hajavua viatu, na huyo hatanyamaza. Muache aseme mpaka amalize, kila siku anawageuza kitandani watu waliovunjika nyonga na jioni anarudi akidhani kwake kumetulia. Ukithubutu kutaja uzito wa makochi, usiniandikie tena.

Kisha toa makochi, funua kapeti, ipige picha nyota yako mchana kukiwa na mwanga, picha nyingi kadiri unavyotaka, wateja wataonyeshwa hizo. Halafu fungua ndoo. Ukihisi mkono unakataa, mwite mama aje akae kwenye kiti hapo mlangoni akutazame, na uuambie mkono huo unachagua kati ya nani na nani. Na milango ipige randa.

Kabla hatujaagana kwenye simu nilimuuliza, na kama Jumamosi itafika wewe fundi hujasema? Nilitegemea aniambie kwamba bila shaka asingejiangusha, ilikuwa danganya toto tu. Nikasikia anavuta kiti.

"Nitajiangusha," alisema. "Nataka nijue naishi kwa nani."

Nilimwambia huo ni wendawazimu, nikamwambia tena kwa sauti ya juu, naye akanishukuru kwa kupiga simu, akakata. Nilipiga mara mbili zaidi, hakupokea, na jana kutwa simu yako ilikuwa imezimwa. Mimi kumzuia sikuweza. Leo ni Alhamisi na gundi inataka siku nzima kukauka, kwa hiyo weka gazeti chini, uende ukaongee naye.